Gita la Hirbo Lilitengenezwa Wapi

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Eda ya Kabale imeisha leo. Miezi minne na siku kumi. Nadhani nimezihesabu vizuri kuliko yeye mwenyewe. Nimezichora nyuma ya daftari hili, mistari mistari, kama mfungwa.

Niandike sababu, ili siku nikisoma nisijione mtu mbaya. Hirbo, mumewe, alikuwa rafiki yangu tangu ujana. Tulipiga gita pamoja miaka kumi na mitatu. Harusi, hoteli, mara moja mbele ya mkuu wa wilaya. Mimi gita la kwanza, yeye la pili. Ndivyo tangazo lilivyosema. Lakini watu waligeuza viti kumwelekea yeye. Siwalaumu. Mimi nina gita la Italia, yeye alikuwa na la Marekani. Hapo hakuna mashindano.

Alikufa mwezi wa tatu huko Biliqo, alikokwenda kuokoa ng'ombe wa mama yake katika ukame huu. Kifua. Siku nne tu. Kabale alimfuata akamkuta bado anaongea. Gita lilibaki hapa Isiolo, mtaa wa Chechelesi, ukutani juu ya kitanda chao. Mpaka msumari wake naujua.

Kabale hapigi gita. Binti zake hawapigi. Kwa hewa hii kavu kitu kizuri kitaharibika bure. Nia yangu ni huruma.

Faduma, mke wangu, ameuliza kwa nini nimenyoa ndevu na leo si Ijumaa.

Jumanne, 7 Agosti

Nimepata njia. Sitaliomba. Mtu akiomba anaweza kunyimwa, na mji mzima utajua. Nitabadilishana naye. Nitampa la Italia, nichukue la Marekani, na nitamfanya aone kwamba yeye ndiye aliyepata faida.

Shida moja. Kwa miaka yote hii nimeutangazia mji kwamba gita la Marekani ndilo bora duniani. Sasa nahitaji hoja za upande wa pili. Nimeketi stendi ya malori, ninakoandikisha mizigo ya watu, nikayapima yote kwa haki.

Japani. Ninalolijua ni la Rimberia, yule Mmeru wa duka la redio na kanda pale sokoni. Skrubu zote zinalingana. Shingo imenyooka kama rula. Ukilikaza asubuhi, jioni nyuzi ziko palepale. Lakini halina roho. Saba kwa kumi. Ningetoa nane lakini ni la Rimberia.

Ujerumani ya Mashariki. Niliwahi kulishika moja Meru kwa mwalimu mmoja. Zito kama mlango. Vanishi nene kama asali. Swichi yake inataka koleo. Sita.

Italia. Langu. Linang'aa kama bi harusi. Vibonye vinane, na sita kati ya hivyo sijui vinafanya kazi gani. Shingo imepinda tangu 1975, nyuzi zimenyanyuka mpaka vidole vinatoka damu. Nne. Kwa Kabale nitasema tisa.

Marekani. La Hirbo. Kumi kamili. Mbao nzito lakini inakaa vizuri kifuani. Hakuna plastiki, hakuna mbwembwe. Sijawahi kulishika zaidi ya dakika mbili. Hirbo hakuninyima. Mimi ndiye niliyekuwa namrudishia haraka. Niliogopa kwamba hata nikilipiga, watu hawatageuza viti.

Nakumbuka siku aliyolileta, 1971. Nililigeuza, nikaona nyuma ya kichwa chake kibati kidogo cha shaba kilichoandikwa Made in U.S.A. Nikasoma kwa sauti hoteli nzima isikie. Hirbo alicheka mpaka akaketi chini. Nilidhani ni furaha.

Jumatano, 8 Agosti

Nimelipaka la Italia vanishi mpya. Upepo ukaleta vumbi kabla halijakauka. Sasa upande mmoja umekuwa kama msasa. Nimemwambia Faduma ni mtindo. Amesema ni uchafu.

Habari nyingine mbaya. Jumamosi ya tarehe 18 kuna harambee uwanjani, ya chakula cha familia zilizopoteza mifugo. Wanahitaji mpiga gita mmoja. Niliomba kazi hiyo mwezi mzima uliopita, kamati ikasema itanijulisha. Leo nimesikia wamempa Rimberia. Hawakunijulisha.

Nikiwa na la Marekani mkononi watabadili mawazo. Nina hakika.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimekwenda na Faduma kwa Kabale, maana si vizuri kwenda kwa mjane peke yangu. Tukatoa salamu. Kabale amekonda. Alitupikia chai ya rangi, akaomba radhi kwamba maziwa hakuna. Nani ana maziwa mwaka huu.

Nikafungua shuka, nikamwonyesha la Italia. Nikaeleza kwa utaratibu. Kwamba hewa ya Isiolo haipatani na mbao za Marekani, zitapasuka. Kwamba Waitaliano hufunika mbao zao kwa plastiki ya rangi ya lulu, mchwa hawezi. Kwamba nilikuwa tayari kujinyima kwa ajili ya marehemu. Faduma alikuwa akitazama kikombe chake.

Kabale alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kama anangoja neno fulani. Nilipomaliza bado alikuwa anangoja. Kisha akaniuliza kitu kingine kabisa. Akaniuliza kwa nini sikwenda Biliqo kuzika.

Nikajibu kwamba hakukuwa na lori.

Akasema sawa, shemeji. Akapanda kitandani, akalitoa gita ukutani, akalifuta vumbi kwa ncha ya shuka lake, akanipa. La Italia akaliweka pembeni bila kuliangalia.

Njiani Faduma alitembea mbele yangu. Nilimwambia mpango umekwenda vizuri. Akaongeza mwendo.

Hapa naandika peke yangu, kwa hiyo niseme ukweli. Lori lilikuwapo. Mimi ndiye ninayeandikisha malori. Lilikuwa na nafasi mbele, karibu na dereva. Nililiacha liende. Niliogopa kwamba nikisimama pale kaburini itabidi nikubali mbele ya watu kwamba alikuwa ananizidi, na kwamba sasa sitapata tena nafasi ya kumfikia.

Ijumaa, 10 Agosti

Baada ya swala nimeliunganisha na amplifaya yangu, kwa betri ya lori. Nikafunga dirisha ili majirani wasisikie kabla ya wakati.

Halikutoa sauti ya Hirbo. Lilitoa sauti yangu. Makosa yangu yaleyale, sasa yanasikika vizuri zaidi.

Nikajaribu ule wimbo wake wa harusi. Nyuma ya shingo kuna mahali pamelika kidogo, kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa miaka yote. Kidole changu kiliingia hapo chenyewe. Nikaacha kupiga. Nilikaa hivyo muda mrefu, gita kifuani, mpaka Faduma akaja kuuliza kama naumwa.

Nikamwambia kuna kitu ndani kimelegea. Gita la kumi kwa kumi haliwezi kupiga vibaya hivi. Huenda waya umekatika. Itabidi nilifungue.

Jumapili, 12 Agosti

Nimelifungua. Niandike yote kwa mpangilio.

Nilianza na shingo. Magita ya Marekani, nilivyoambiwa, shingo hufungwa kwa skrubu nne. Nikazitafuta, hazipo. Nikadhani zimefichwa chini ya vanishi. Nikaingiza bisibisi kwenye kiungo nikagonga kwa nyundo, polepole. Mara ya tatu kiungo kililia kama mfupa. Ufa umetoka kwenye shingo mpaka nusu ya kifua.

Hakukuwa na skrubu. Ilikuwa gundi, na mbao imechongwa ikaingia kwenye mbao nyingine, kazi safi, hata wembe usingepita. Shingo ni ya ejersa, ule mzeituni wa porini ambao Waborana huchongea fimbo. Nilipoivunja nilisikia harufu yake. Marekani hakuna ejersa.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Sumaku zilizo chini ya nyuzi zimetoka kwenye simu za zamani, na waya umezungushwa kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, maelfu. Vile vyuma vya kugawa sauti kwenye shingo ni fimbo za shaba za fundi wa kuchomelea, zimekatwa na kupigwa tupa moja moja. Lehemu yake ni nzuri kuliko ya Rimberia.

Na ndani, ambako hakupaka vanishi, mbao ina rangi ya kijani. Juu ya kijani kuna herufi nyeupe, kichwa chini. Nikaligeuza gita. Zilisomeka BIRA.

Najua herufi hizo. Niliziona kila siku ya utoto wangu. Ni SUBIRA, jina lililoandikwa ubavuni mwa lori la baba yangu.

Jumatatu, 13 Agosti

Sikwenda stendi. Nimesema nina homa.

Baba aliendesha lori hilo kati ya hapa na Moyale miaka ishirini. Hirbo alikuwa taniboi wake, msaidizi wa dereva, kazi yake ya kwanza na pekee aliyoipenda. Baba alipofariki, 1970, lori likawa langu. Hirbo aliniomba tuliendeshe pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Mimi niliona gita la Italia Nanyuki likiwa dirishani mwa duka. Lori nikaliuza kama vyuma chakavu ili nilinunue. Hirbo akakosa kazi siku hiyohiyo. Hakuniuliza chochote. Alikuja tu kusaidia kulisukuma, na akaomba ubao mmoja. Nilidhani anataka kutengeneza rafu.

Kwa hiyo hakukuwa na gita la Marekani. Miaka kumi na mitatu nimeshindwa na ubavu wa lori la baba yangu.

Jumanne, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Kabale. Peke yangu. Nimesimama mlangoni, watu waseme watakavyo.

Nilikuwa nimeandaa maneno kwamba lilipasuka lenyewe kwa sababu ya ukame. Nilipomwona yakanitoka. Nikamwuliza kama alijua ni nani aliyelitengeneza.

Akasema alijua. Ndiye aliyemshikia taa. Miezi saba Hirbo alichonga kwenye ua huu, na kile kibati cha shaba alikitoa kwenye pampu ya kisima iliyokufa kule Merti. Alisema mimi, Shuriye, nikikiona nitafurahi. Alikusudia kuniambia ukweli baada ya wiki moja tucheke pamoja, lakini mimi nilikuwa nimeshautangazia mji wote, akaogopa kuniaibisha. Wiki ikawa mwaka. Mwaka ukawa maisha.

Kisha akasema polepole, bila hasira:

"Ungeuliza tu, shemeji. Siku ile anakufa aliniambia gita ni lako. Alisema ukija kuliomba, nikuambie nani alilitengeneza, ndiyo mcheke. Mimi nilikuwa nakungoja uulize. Wewe ukaanza habari za Italia."

Nikamwambia nimelivunja.

Akauliza kama limevunjika vibaya. Nikasema hapana, kidogo tu. Akasema kama ni kidogo litapona, Hirbo alikuwa akiunga mpaka miguu ya mbuzi.

Akanieleza pia kwamba Jumapili ya tarehe 19 anahama. Anarudi na binti zake Biliqo, kwa mama yake Hirbo, aliyebaki peke yake na ng'ombe watatu.

Nikamwambia nitamwandikishia nafasi kwenye lori, ya mbele.

Jumatano, 15 Agosti

Siku nzima ya gundi. Nimeufunga ufa kwa mipira ya tairi kuukuu. Faduma alinishikia upande mmoja bila kuombwa. Akasema Hirbo alimpigia kwenye harusi yetu, na kwamba mimi siku hiyo nilikuwa nimenuna. Sikumbuki kununa.

Nimesikia kwamba Kabale amempa Rimberia gita la Italia kwa unga wa safari. Sikukasirika. Nimewaza tu kwamba Rimberia, fundi wa magita ya Japani, atavunjika vidole kwa ile shingo. Niliona nafuu kidogo.

Alhamisi, 16 Agosti

Rimberia alikuja stendi. Akaniamkia vizuri, mzee Shuriye, habari. Anataka nije Jumamosi tupige wimbo mmoja pamoja, kwa ajili ya Hirbo. Amesema ataniachia sehemu ya kwanza.

Nilihisi ni mtego. Anataka watu watulinganishe. Nikasema nina jipu kwenye kidole. Akatazama vidole vyangu, vyote vizima, akasema pole.

Jumamosi, 18 Agosti

Nilikwenda harambee lakini nilikaa nyuma, karibu na magunia.

Watu walikuwa wengi na wamechoka. Wazee wa Merti na Garba Tulla wamekaa chini, mikono juu ya fimbo, bila mnyama hata mmoja wa kuchunga. Rimberia akapanda jukwaani. Hakubeba la Japani. Alibeba langu, la Italia, amelisugua vanishi yangu yote ikatoka.

Akasema wimbo huu ni wa Hirbo. Akapiga ule wa harusi.

Lilikuwa zuri. Sijui niandike vipi zaidi ya hapo. Sauti ilikuwa laini na ndefu, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto bila kupaza sauti. Kabale alikuwa mbele na binti zake. Alijifunika uso kwa mtandio. Mzee mmoja karibu yangu, ambaye simjui, alilia wazi kama mtoto. Niliona watu wanageuza viti.

Na mimi nililia. Nimeandika, basi.

Baadaye nilimwendea Rimberia nikamwuliza amelifanya nini. Akanionyesha. Pale shingo inapokutana na kichwa kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Chini yake kuna skrubu moja. Ukiizungusha, chuma kilicho ndani ya shingo kinaivuta mbao, inanyooka. Alizungusha nusu mzunguko. Alidhani ninajua.

Miaka tisa vidole vyangu vimetoka damu. Nusu mzunguko.

Akaninyooshea gita hilo, akasema kama nalitaka nilichukue, yeye anarudi kwa la Japani, na unga amempa Kabale kama sadaka. Watu walikuwa wanatutazama. Nikamwambia abaki nalo. Nikamwambia mimi nina la Marekani.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kabale alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Alisikia. Hakunisahihisha.

Jumapili, 19 Agosti

Nimelala vizuri na nimeamka na akili safi. Nimeelewa kosa lilikuwa wapi.

Kosa ni la Waitaliano. Ukimtengenezea mtu kitu, humfichi skrubu. Nimewapunguzia alama mpaka tatu. Rimberia alipata sauti ile kwa sababu amplifaya ya kamati ni mpya. Na gita la Hirbo, Mungu amrehemu, ni kazi ya upendo, lakini mbao ya lori imeshazoea kutikisika, haiwezi kutulia kwenye sauti moja. Mtu mwenye kipaji anahitaji chombo cha nchi inayojua kazi.

Jana jioni mfanyabiashara wa mbuzi alinieleza kwamba kule Oldonyiro kuna seremala wa misheni mwenye gita la Chekoslovakia. Nchi hiyo sikuwa nimeipima kabisa. Na seremala huyo anapenda vitu vilivyochongwa kwa mkono. Nimelifunga gita la Hirbo kwenye blanketi, ufa ukiwa upande wa ndani.

Lori la Oldonyiro na la Biliqo huondoka stendi moja. Nilisahau hilo. Kabale alikuwa ameshapandisha mizigo, binti zake wako juu ya magunia. Nafasi ya mbele niliyomwahidi sikuwahi kuiandikisha, nilikuwa na mambo mengi. Amekaa nyuma, juani. Akaona blanketi na umbo lililo ndani yake. Akashuka akaja.

Akaniuliza nalipeleka wapi. Nikasema kwa fundi mzuri, alitengeneze ule ufa.

Akaweka kiganja chake juu ya blanketi, akakiacha hapo kidogo.

"Hirbo angefurahi, shemeji," akasema.

Nikamtakia safari njema. Lori lao liliondoka kwanza. Nilipunga mkono mpaka vumbi likawafunika, kisha nikapanda langu, nikatafuta mahali pa kivuli. Nasikia shingo za Chekoslovakia hazipindi kabisa.